Kupima kabla ya kubadilisha: presha ya petroli kwenye gari lisilo na kompyuta

Najua nimepotea. Safari hii si kazi iliyonishika, wala si intaneti iliyogoma. Ni gari. Wengi wenu hupita hapa kusoma mambo ya programu na seva, lakini naomba mvumilie, maana hii ni hadithi ya kutafuta hitilafu, na inashinda nyingi nilizowahi kukutana nazo kazini.

Gari lenyewe ni Porsche 924 la mwaka 1981, mali ya mjomba wangu anayeishi Limuru. Kwa wasiolifahamu, 924 ilianza kama mradi wa Volkswagen kabla Porsche hawajauchukua. Ilianza kuuzwa mwaka 1976 na ilikuwa ikiundwa Neckarsulm, Ujerumani. Injini iko mbele, ina silinda nne na ujazo wa lita 2, na asili yake ni Audi. Kwa hiyo si ile Porsche ya Safari Rally ambayo wazee wetu huikumbuka (hiyo ni 911, ambayo Vic Preston Jr alimaliza nayo nafasi ya pili mwaka 1978). Wenye 911 huidharau 924. Mjomba hajali. Yeye anasema gari ni lile linalokufikisha.

Tatizo ni kwamba hili lilikuwa halimfikishi popote. Lilikaa chini ya mabati tangu 2019, na hata baada ya kumwaga petroli ya zamani, kuweka betri mpya na plagi mpya, lilikuwa likiwaka kwa kubembelezwa. Julai 2025 mambo yalifika ukingoni. Binamu zangu walikuwa wamepata mnunuzi. Alitaka bodi tu; injini angeitoa, aweke ya Toyota, na vilivyobaki auze kama spea. Mjomba ana miaka 74 na hapendi kusumbua watu. Alisema kama gari haliwezi kuwaka vizuri asubuhi kufikia mwisho wa mwezi, mnunuzi aje alichukue. Alilisema kama mtu anayezungumzia ng'ombe aliyeacha kutoa maziwa. Lakini mama yangu, ambaye ni dada yake, alinipigia simu usiku huo akaniambia, "Nenda ukamwone mjomba wako."

Nilipofika aliniuliza, "Wewe si ndiye uliyesomea kompyuta?"

"Ndiyo Mjomba, lakini gari hili halina kompyuta."

"Basi itakuwa kazi rahisi."

Magari ya siku hizi yana tundu la uchunguzi chini ya usukani. Marekani ililazimisha magari mapya ya abiria yawe na mfumo wa OBD-II kuanzia modeli za 1996, na nchi nyingine zikafuata. Unachomeka kifaa kidogo, simu yako inasoma msimbo wa hitilafu, na angalau unajua uanzie wapi. Kwenye 924 hakuna tundu, hakuna msimbo, hakuna logi. Kuna vyuma na petroli.

Dalili zilikuwa hizi. Asubuhi, baridi ya Limuru ikiwa nyuzi 10 hivi, unapiga starta sekunde kumi na tano au zaidi bila jibu. Kisha injini inashika, inanguruma sekunde mbili tatu, halafu inazima. Ukirudia mara nne au tano inakubali hatimaye, huku ikitetemeka, na betri imechoka. Mchana, injini ikiwa moto, ukizima ukaingia dukani ukatoka baada ya dakika ishirini, unaanza tena kupiga starta mpaka watu wanageuka kukuangalia.

Kila mtu alikuwa na jibu. Jirani alisema ni plagi. Binamu yangu alisema ni pampu ya petroli, na alikuwa ameshatafuta bei ya mpya kutoka ng'ambo, bei ambayo ingemaliza mjadala kwa upande wa mnunuzi. Fundi wa Mjomba, mzee aliyeanza kazi ya gereji kabla sijazaliwa, alitaka kung'oa mfumo wote wa injekta na kuweka kabureta. Msimcheke. Kabureta zinapatikana Kirinyaga Road, kila fundi anazijua, na zikiharibika unazifungua pale pale barabarani. Kwa mtu anayetaka gari litembee Jumatatu, hiyo ni hoja ya maana.

Ila majibu yote matatu yalikuwa na upungufu mmoja: hakuna aliyekuwa amepima kitu. Sisi tunaoandika programu tunaijua tabia hii. Seva ikienda polepole, mmoja anasema ongeza kumbukumbu, mwingine anasema hamisha hifadhidata, na wote wanazungumza kabla ya kusoma logi. Swali nililokuwa nalo ni hili: kwenye mashine isiyo na logi, logi utaipata wapi?

Kujibu, lazima kwanza ujue mfumo unafanyaje kazi. 924 hii inatumia mfumo wa Bosch unaoitwa K-Jetronic, uliotoka mwaka 1973. Herufi K ni ya neno la Kijerumani lenye maana ya "mfululizo". Ulitumika pia kwenye Mercedes, Volvo, Golf GTI na hata Ferrari. Injekta zake hazifunguki na kufungwa kwa amri ya umeme kama za leo. Presha ikizidi bar 3 na kitu, zinafunguka zenyewe na kunyunyiza bila kukoma mpaka uzime injini.

Sasa nani anaamua kiasi cha petroli? Hewa. Hewa inayovutwa na injini huinua sahani ya chuma. Sahani ina mkono, na mkono husukuma pini iliyo ndani ya kigawa mafuta. Pini ikipanda, nafasi nyembamba za kupitisha petroli hufunguka zaidi. Hewa nyingi, petroli nyingi. Kizuri zaidi kiko juu ya ile pini: kuna petroli nyingine inayoisukuma chini, na presha yake huitwa presha ya udhibiti. Ikiwa kubwa, pini inapanda kwa shida na injini inapata petroli kidogo. Ikiwa ndogo, pini inapanda kirahisi na injini inapata petroli zaidi.

Injini baridi inahitaji petroli zaidi, kwa sababu sehemu yake hugandamana na kuta baridi za mapaipu na haiungui. Kwa hiyo Bosch waliweka vifaa viwili. Cha kwanza ni injekta ya tano, inayonyunyiza tu wakati starta inazunguka na injini ikiwa baridi. Inaongozwa na swichi ya joto; ya Mjomba imechapwa 35 °C na sekunde 8, yaani injini ikizidi joto hilo haifanyi kazi, na hata kwenye baridi kali haizidi muda huo. Cha pili ni regyuleta ya kupasha injini. Ndani yake kuna utepe wa metali mbili zilizounganishwa. Ukiwa baridi, utepe unapinda na kupunguza presha ya udhibiti. Waya mdogo wa umeme unaupasha polepole, presha inapanda, na petroli ya ziada inapungua kadiri injini inavyopata joto.

Someni tena aya hiyo mkiwa na akili ya programu. Kuna sharti, kuna kipima muda, kuna hali inayobadilika taratibu. Ni programu iliyoandikwa kwa chuma. Na kama ni programu, ina mahali pa kuichungulia: presha. Geji ya presha ndiyo logi.

Hata kabla ya geji, dalili ile ya asubuhi ilikuwa imeshasema jambo. Injini inashika kisha inazima. Kushika ni kazi ya injekta ya tano. Kuendelea baada ya kuachia starta ni kazi ya regyuleta. Nilimwambia fundi hivyo. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Tuone."

Kupata geji ilikuwa kazi. Geji yenyewe ya kufika bar 10 nilinunua kwenye duka la vifaa vya mashine. Viungio ndivyo vilivyosumbua, maana mapaipu haya yana nati nyembamba za milimita 8 na 10 ambazo hazifanani na za magari ya Kijapani. Fundi ndiye aliyetatua hilo. Anamjua mkereza vyuma mmoja Industrial Area, tukampelekea nati moja kama sampuli, na jioni tukarudi na kiungio cha njia tatu chenye koki. Kinakaa kati ya kigawa mafuta na regyuleta. Koki ikifungwa, geji inasoma presha ya mfumo mzima. Ikifunguliwa, inasoma presha ya udhibiti. Ukizima pampu, inasoma presha inayobaki. Namba tatu, geji moja.

(Tahadhari kabla hamjajaribu: hii ni petroli yenye presha karibu bar 5. Ikipata upenyo inaruka kama bomba la kunyunyizia dawa. Fanyeni nje, injini ikiwa baridi, hakuna sigara, na kizima moto kiwe karibu na mkono. Funga kitambaa kwenye nati kabla ya kuilegeza.)

Kwenye modeli hii pampu haizunguki mpaka rilei ione mipigo ya koili, yaani mpaka injini izunguke. Ni usalama, ili pampu isiendelee kumwaga petroli gari likipata ajali. Kwa kupima tuliondoa rilei na kuunganisha tundu la 30 na la 87 kwa waya wenye fyuzi. Pampu ikaanza kulia kule nyuma.

Kipimo cha kwanza, presha ya mfumo, koki imefungwa: bar 4.8. Kitabu kinataka kati ya 4.5 na 5.2. Kwa hiyo pampu inasukuma na presha inafika. Ile pampu ya bei kubwa iliondoka kwenye orodha kwa dakika moja. Fundi aliangalia geji, akaniangalia mimi, akasema, "Basi pampu haina kosa."

Kipimo cha pili, presha ya udhibiti, injini baridi, waya wa regyuleta umechomolewa ili isijipashe: bar 3.4. Jedwali la regyuleta hiyo lilitaka karibu bar 1.5 kwa baridi ile. Yaani saa moja asubuhi, nyuzi 10, gari lilikuwa linajidhani liko njiani kuelekea Mombasa. Tuliporudisha waya namba ilipanda polepole hadi 4, ilhali ikiwa moto inapaswa kutulia kati ya 3.4 na 3.8. Kwa hiyo utepe ulikuwa hai na ulikuwa unapinda, ila presha yote ilikuwa juu kuliko ilivyotakiwa. Kitu kilikuwa kinazuia petroli kupita.

Tulifungua regyuleta mezani, juu ya gazeti. Kwenye tundu la kuingilia kuna kichujio kidogo cha waya, chenye upana wa kama punje ya dengu. Kilikuwa na utando wa kahawia unaonata. Petroli ikikaa miaka inaacha masalio kama gundi, na masalio hayo hutafuta mahali pembamba zaidi. Tukakisafisha kwa dawa ya kabureta (fundi alicheka, akasema kabureta imesaidia hata hivyo), tukarudisha, tukasubiri kesho asubuhi. Ikasoma bar 1.6. Tulipounganisha waya ilipanda kwa dakika chache na kutulia 3.6.

Katikati ya kusubiri tulipima ile injekta ya tano. Unaifungua kutoka kwenye mapaipu ya hewa huku mpira wake wa petroli ukibaki, unaiweka ndani ya chupa ya kioo, unachomoa waya wa koili ili injini isiwake, mtu anapiga starta. Ilitoa mnyunyizo mzuri wenye umbo la pia kwa sekunde kadhaa, ikakata. Baada ya hapo haikudondosha hata tone. Nayo ikaondoka kwenye orodha.

Asubuhi hiyo injini iliposhika, haikuzima tena. Binamu yangu alitaka kumpigia Mjomba simu ya furaha. Lakini starta bado ilichukua zaidi ya sekunde kumi, na mchana, baada ya dakika ishirini za kupumzika, hadithi ilikuwa ile ile. Regyuleta ilieleza kwa nini injini ilikuwa inazima. Haikueleza kwa nini inachelewa kushika. Hapa ndipo watu wengi huacha, kwa sababu dalili imepungua. Anayefanya kazi yangu anajua hatari yake: hitilafu mbili zikikaa pamoja, ukitoa moja unajiona umemaliza, na ya pili inabaki na jina la "tabia ya gari".

Kwa hiyo kipimo cha tatu, presha inayobaki. Tulizima pampu tukaangalia geji. Baada ya dakika kumi inapaswa kuwa bado karibu bar 1.7 au zaidi. Yetu ilifika sifuri kabla ya dakika moja kwisha.

Kwa nini presha ya gari lililozimwa ni muhimu? Kwa sababu mbili. Asubuhi, kama mapaipu yameishiwa presha, starta inazunguka bure huku pampu ikiyajaza upya. Mchana, joto la injini iliyozimwa hupanda hadi kwenye mapaipu. Petroli yenye presha huvumilia joto hilo bila kuchemka. Isiyo na presha hugeuka mvuke, na injekta zinapewa mapovu badala ya petroli. Ndiyo sababu kuna akumuleta, chombo chenye springi kinachoshikilia presha baada ya kuzima. Kwa lugha yetu ni kama kache inayobaki hata mashine ikizimwa, ili kuwasha tena kusianze na sifuri.

Washukiwa wa uvujaji walikuwa wanne: akumuleta, vali ya kuzuia kurudi iliyo kwenye pampu, vali ya presha kwenye kigawa mafuta, na injekta zenyewe. Injekta zingevuja tungeona, maana tulizichomoa na zilikuwa kavu. Kwa waliobaki kuna jaribio zuri lisilohitaji kununua chochote. Unajaza presha, unazima pampu, na papo hapo unabana ule mpira laini ulio kati ya tangi na pampu. Petroli kama inarudi tanginikupitia pampu, sasa haina njia, na presha itakaa. Kama inavuja kwingine, itaendelea kushuka.

Tulibana. Sindano ya geji ilisimama. Fundi alichuchumaa pale nyuma ya gari ameshika koleo, akawa anauliza kila baada ya muda, "Iko?" nami najibu, "Iko." Dakika tano. Dakika kumi. Ilikuwa vali ya pampu. Si pampu, ni vali ndogo iliyokazwa kwenye mdomo wake, inayouzwa peke yake. Tulikwenda nayo kwa muuza spea za Mercedes za miaka ya 1980, tukalinganisha meno ya skrubu na urefu, tukarudi na mpya kwa chini ya shilingi elfu tatu, pamoja na washa mpya za shaba. Hizo washa msizitumie mara mbili.

Asubuhi ya Julai 29, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye majani chai, Mjomba alikaa mwenyewe kwenye usukani. Starta ilizunguka kama sekunde mbili. Injini ikashika na ikabaki. Hakusema kitu kwa muda, kisha akaniambia nimfungulie geti. Alirudi baada ya nusu saa, akazima, akanywa chai bila haraka, akawasha tena ikiwa moto. Ikawaka. Mnunuzi alimpigia simu yeye mwenyewe. Nilimsikia akimwambia, "Samahani sana kijana, nimekuweka. Lakini gari limepona."

Kazi haijaisha. Presha inayobaki sasa ni bar 2.1 baada ya dakika kumi na 1.8 baada ya ishirini, na tutaipima tena kila miezi sita, kwa sababu akumuleta ni ya zamani na siku moja itachoka. Nimeandika namba zote kwenye karatasi: tarehe, joto la hewa, presha tatu, kilichobadilishwa na kilichosafishwa. Fundi ameiweka kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku la dashibodi. Alisema atakayekuja baada yake asianze kwa kubahatisha. Kiungio cha njia tatu amebaki nacho yeye, na tayari kuna mwenye Mercedes 230E mtaani kwao aliyeambiwa alilete gari Jumamosi.

Kwa hiyo mkikutana na gari la aina hii, au mashine yoyote isiyosema, fuateni mpangilio huu: presha ya mfumo kwanza, ya udhibiti ikiwa baridi, ya udhibiti ikiwa moto, kisha inayobaki. Andikeni kila namba kabla ya kushika spana. Na dalili moja ikiisha, ulizeni kama na ile nyingine imeisha pia.

Wiki ijayo turudi kwenye programu, nawaahidi. Haya, kwaherini kwa sasa.